Vivumishi vya Kihispania na Mtoto wa Darasa la Kwanza

Katika chuo ninachofundisha, hapa Shinyanga, wanachuo wangu wa mwaka wa kwanza hupata kipindi kimoja cha lugha ya Kihispania. Ni kipindi kimoja tu, cha dakika 40, nacho hakimo katika muhtasari wa masomo. Hakuna anayetarajiwa kuongea Kihispania baada yake, wala hakuna mtihani unaokifuata. Somo lenyewe ni vivumishi, yaani namna neno la kueleza sifa linavyopatana na jina linaloelezwa. Wakufunzi wenzangu wameniuliza, baadhi yao kwa upole na baadhi kwa kejeli, Kihispania na Usukuma vina uhusiano gani. Makala haya ni jibu langu kwao. Zaidi ya hayo, ni maelezo kwa walimu wanafunzi ambao karibuni watasimama mbele ya Darasa la Kwanza na kumtaka mtoto aseme "ng'ombe mweupe" wala si "ng'ombe nyeupe".

Jinsi kipindi kinavyoendeshwa

Kihispania chenyewe nilifundishwa na jirani yangu mmoja aliyewahi kusoma nchini Cuba. Sikijui sana, ninacho cha kutosha kipindi hiki tu, na kwa azma yangu hicho chatosha. Naingia darasani na vitabu vinne, viwili vyenye jalada jekundu na viwili vyenye jalada jeupe, pamoja na viti vinne vya plastiki vya rangi hizo hizo. Sisemi neno lolote la Kiswahili. Nainua kitabu chekundu na kusema: "libro rojo". Nainua cheupe: "libro blanco". Wanachuo wanarudia. Herufi j ya lugha hiyo hutamkwa kwa kukwaruza koo, karibu na kh ya neno "kheri", na jambo hilo huwafurahisha. Wapo wanaotamka l mahali pa r, nami siwasahihishi, kwa kuwa somo la siku hiyo si matamshi.

Kisha nagusa kiti chekundu na kusema "silla roja". Nagusa cheupe: "silla blanca". Hapo wenye masikio makali huanza kutazamana. Rangi ni ile ile, lakini neno limebadilika mwishoni: rojo limekuwa roja, blanco limekuwa blanca. Naifunika meza kwa kitambaa cheupe, nasema "mesa", kisha nanyamaza na kungoja. Mmoja hunong'ona "mesa blanco". Mwingine husema kwa sauti "mesa blanca". Natikisa kichwa kumkubali wa pili, na darasa zima huelewa bila kuambiwa kwamba jina linaloishia kwa a linakitaka kivumishi chake nacho kiishie kwa a. Naviinua vitabu viwili pamoja: "libros rojos". Naonyesha viti viwili: "sillas rojas". Wingi hutiwa s katika jina, na s hiyo hiyo hutiwa katika kivumishi. Katika dakika 15 hivi, watu ambao hawajapata kusikia lugha hii maishani mwao wamekwisha kujua kwamba neno "ekundu" la Kihispania lina maumbo manne: rojo, roja, rojos, rojas. Nyuso hung'aa.

Ndipo naleta mambo mawili ya kuwaudhi. La kwanza ni jani la mwarobaini. Jani huitwa "hoja", nalo huishia kwa a kama silla na mesa. Naonyesha kitabu cha kijani na kusema "libro verde". Nanyanyua jani na kungoja. Karibu darasa zima hujibu "hoja verda". Nakataa: ni "hoja verde". Kivumishi hiki hakijali kama jina ni la jinsia ya kiume au ya kike; hubadilika kwa wingi tu. La pili ni mkono wangu mwenyewe, ambao wakati huo umejaa vumbi la chaki. Mkono huitwa "mano". Neno laishia kwa o, kama libro, na kwa hiyo wote husema kwa uhakika mkubwa: "mano blanco". Nakataa tena: ni "mano blanca". Jina hili lina umbo la kiume, lakini sarufi imeliweka upande wa kike, na kivumishi sharti kiifuate sarufi.

Hapo ghasia huzuka. Wengine hucheka, wengine hulalamika kwamba nimewatega. Mimi huwatazama wale walionyamaza, kwa maana hao ndio walionifanya nianzishe kipindi hiki. Mwaka mmoja kijana mmoja, ambaye kwa kawaida ni msemaji katika kila somo, alikuwa wa kwanza kujibu katika nusu ya kwanza ya kipindi. Alisema "mano blanco" kwa sauti kubwa kuliko wote, na wenzake wakamcheka. Tangu dakika hiyo hadi kengele hakufungua kinywa. Mwishoni huwaomba wanachuo waandike aya moja, kwa Kiswahili, juu ya yale waliyoyahisi. Kijana yule aliandika kwamba majibu ya maswali matatu yaliyofuata aliyajua, lakini aliona ni afadhali kuyaweka moyoni kuliko kuchekwa mara ya pili.

Kijana huyo ana umri wa miaka zaidi ya 20, amefaulu mitihani mingi, na Kihispania hakimhusu kitu. Ikiwa cheko moja limeweza kumfunga kinywa kwa robo saa, ndugu mwalimu mwanafunzi, fikiri cheko hilo linamfanya nini mtoto wa miaka sita au saba, ambaye lugha anayochekewa ndiyo lugha atakayosomea hisabati, sayansi na kila kitu kingine.

Mtoto haji mikono mitupu

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967. Uamuzi huo ulikuwa wa heri, na matunda yake tunayaona katika umoja wa nchi. Hata hivyo, katika vijiji vyetu vya Usukuma wapo watoto wengi wanaoanza shule wakiwa na Kisukuma kinywani na Kiswahili masikioni tu. Mwalimu anayetoka mkoa mwingine aghalabu husema kwamba watoto hawa "hawajui upatanisho". Kauli hiyo si kweli, na ningependa tuichunguze vizuri.

Mtoto wa Kisukuma husema "munhu ntale", yaani mtu mkubwa. Na wanapokuwa wengi husema "banhu batale". Sikiliza silabi ba ya "banhu" ikirudi katika "batale", kama vile wa ya "watu" inavyorudi katika "wakubwa". Mtoto huyu amekuwa akipatanisha vivumishi na majina tangu alipokuwa na miaka miwili au mitatu, bila mwalimu, bila ubao na bila jedwali. Mfumo wa ngeli ni urithi wa lugha za Kibantu zote, na wataalamu wamekwisha kuulinganisha kutoka lugha hadi lugha tangu Wilhelm Bleek alipochapa kazi yake mwaka 1862. Kwa hiyo kazi ya mwalimu si kujenga nyumba mpya. Nyumba ipo, na mtoto anaishi ndani yake. Kinachotakiwa ni kubadilisha baadhi ya milango.

Linganisha na mtoto wa Kiingereza. Lugha yake humpa neno "red", nalo halibadiliki kamwe: huwekwa mbele ya jina, liwe la kitu kimoja au la vitu mia. Mtoto huyo akianza kujifunza Kihispania, au Kiswahili, hana budi kwanza kukubali wazo lenyewe kwamba kivumishi kinaweza kubadilika kwa kulitii jina. Mtoto wa Kishapu au wa Geita hana haja ya kuambiwa hivyo. Tena anajua tayari kwamba kivumishi hukaa nyuma ya jina, jambo ambalo Kihispania nacho hulifanya mara nyingi. Huyu huyu akiandika "cow white" katika somo la Kiingereza, anafuata mpangilio ambao mtoto wa Madrid angeufuata vile vile. Mwalimu akilijua hilo hatamwita mzembe.

Upo upande mwingine wa mambo. Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama wapo watoto waliozaliwa kati ya watu wa makabila mengi, na lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili cha kambini. Watoto hao huongea kwa wepesi, lakini mara nyingi nimewasikia wakitumia kiambishi kimoja kwa kila jina: "kiti nzuri", "maji nzuri", "watu nzuri". Mwalimu hudhani hao ndio wanaojua Kiswahili, na yule wa kijijini aliyenyamaza hajui. Kumbe katika jambo hili la vivumishi, huenda aliyenyamaza akawa na msingi imara kuliko mwenzake. Watoto wa aina hizi mbili wanahitaji mazoezi tofauti, na mwalimu asipowasikiliza kwanza atawapa wote dawa moja.

Swali la ng'ombe

Sasa tuje kwenye kosa ambalo walimu wetu hulisahihisha kwa wino mwekundu kuliko mengine yote. Mtoto husema "ng'ombe nyeupe", "mbuzi kubwa", "mbwa kali". Mwalimu huandika: mweupe, mkubwa, mkali. Mtoto hukubali, na kesho husema "ng'ombe nyeupe" tena.

Ni kwa nini? Kwa sababu mtoto amefuata kanuni. Jina "ng'ombe" lina umbo la majina kama nyumba, nguo na njia. Tunasema nyumba nyeupe, nguo nyeupe, njia nyeupe. Katika lugha nyingi za Kibantu za bara, Kisukuma kikiwamo, ng'ombe hupatanishwa kwa ngeli ya jina lake. Kiswahili sanifu ndicho kilichochukua njia nyingine: kinapokutana na kiumbe chenye uhai, hukiacha kiambishi cha jina na kufuata uhai wenyewe. Kwa hiyo tunasema ng'ombe mweupe, mbuzi wakubwa. Kwa kanuni hiyo hiyo tunasema kiongozi mzuri na viongozi wazuri, ingawa jina laanza kwa ki. Na tunasema kiboko mkubwa, ingawa kikombe ni kikubwa.

Huu ndio mkono mweupe wa Kiswahili. Kama "mano" linavyomhadaa mwanachuo kwa umbo lake la kiume, ndivyo "ng'ombe" na "kiongozi" yanavyomhadaa mtoto kwa maumbo yao. Hata hivyo lugha hizi mbili zimepita njia zinazopishana. Kihispania hushikamana na jina hata pale linapopingana na hali halisi. Neno lao la mtu, "persona", ni la jinsia ya kike. Basi hata mtu huyo akiwa mwanamume mwenye ndevu, husemwa "persona buena", kwa a. Kiswahili, kinyume chake, huliacha jina na kutazama kama kinachotajwa kinapumua. Sioni kwamba njia moja ni ya akili kuliko nyingine. Ninachokiona ni kwamba mtoto anayesema "ng'ombe nyeupe" amefikiri jinsi Mhispania anavyofikiri: amelitii jina.

Tukumbuke pia kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikaendelea na kazi hiyo. Kanuni tunazozifundisha ni kanuni njema, kwa kuwa taifa halina budi kuwa na lugha moja ya kuandikia vitabu na mitihani. Lakini ni mapatano ya watu, hazikushuka kutoka mbinguni. Mtoto wa Usukuma aambiwe kwamba katika Kiswahili sanifu twasema hivi, naye atasema hivi. Asiambiwe kwamba amesema upuuzi.

Lugha yenyewe haina msimamo mmoja. Mwanachuo mmoja aliniuliza kwa nini tunasema "rafiki yangu mzuri". Kimilikishi "yangu" kimelifuata jina, na kivumishi "mzuri" kimeufuata uhai, vyote viwili katika fungu moja la maneno. Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba yeye amelitumia fungu hilo maisha yake yote bila kuumwa kichwa. Mtoto naye ataweza, akipewa nafasi ya kulisikia.

Hatua ninazopendekeza

Sipendekezi kwamba mwalimu wa Darasa la Kwanza afundishe sarufi kwa jina lake. Maneno "kivumishi", "ngeli" na "upatanisho" ni zana za mwalimu, kama vile rula na timazi ni zana za fundi. Anayeingia ndani ya nyumba haonyeshwi timazi. Mpangilio wa mazoezi, hata hivyo, sharti uwe na kanuni. Huu ndio ninaowapa wanachuo wangu.

Kwanza, anza na majina ambayo kiambishi chake husikika tena katika kivumishi bila kubadilika. Kikombe kikubwa, vikombe vikubwa; kiti kirefu, viti virefu; watoto wadogo; mti mrefu, miti mirefu. Vitu viwepo darasani na vishikwe kwa mkono. Sikio la mtoto litaikamata kanuni kabla ya jicho lake.

Pili, leta majina ambayo kivumishi chake hakipati kiambishi katika umoja lakini hukipata katika wingi: jani kubwa, majani makubwa; embe tamu, maembe matamu.

Tatu, ndipo uingie katika kundi la nyumba na nguo. Hapa sauti huchezeana, na wakubwa wengi hawajapata kuliona. Refu huwa ndefu, baya huwa mbaya, zuri huwa nzuri. Lakini kubwa, fupi na tamu hubaki kama zilivyo. Pya huwa mpya, na ema huwa njema. Mwalimu asitoe kanuni, atoe vitu. Kalamu ndefu na kalamu fupi zikiwekwa mezani kila asubuhi kwa wiki mbili, kanuni itajileta yenyewe.

Nne, leta vivumishi vinavyoanza kwa irabu: mwekundu, wekundu, chekundu, vyekundu, jekundu, mekundu, nyekundu. Mtoto husema "kiekundu" au "kieupe". Usifadhaike. Kosa hilo laonyesha kwamba kiambishi ki amekishika barabara; kilichobaki ni kuzoea jinsi ki inavyokutana na e.

Tano, shughulikia viumbe hai kwa siku yao wenyewe, kwa kulinganisha: nyumba nyeupe, ng'ombe mweupe, nguo ndefu, twiga mrefu, kikombe kikubwa, kiboko mkubwa. Weka jozi hizo pamoja na uwaache watoto wagundue tofauti ni nini. Watakuambia, kwa maneno yao, kwamba huyu anatembea na hiki hakitembei.

Sita, mwishoni kabisa, leta vivumishi visivyobadilika, ambavyo vingi asili yake ni Kiarabu: safi, ghali, rahisi, hodari, bora, maskini, tajiri. Mtoto aliyeielewa kanuni atasema "kitabu kisafi" na "watu wahodari". Kosa hili ni dada wa lile la "hoja verda" ambalo wanachuo hulifanya katika kipindi changu. Anayelifanya amekwisha kufika mbali. Mtoto asiyeijua kanuni hana namna ya kuipeleka mahali pasipo pake.

Juu ya hatua zote hizo ipo moja inayozitawala, nayo ni namna ya kusahihisha. Mtoto akisema "Nimeona ng'ombe nyeupe", mwalimu ajibu kama mtu aliyependezwa na habari: "Ah, umeona ng'ombe mweupe! Alikuwa wapi?" Umbo sahihi limesikika, mazungumzo yameendelea, na mtoto hakusimamishwa njiani. Makosa ya kuandikwa yashughulikiwe baadaye, darasa zima kwa pamoja, bila kutaja jina la mtu.

Ng'ombe wa udongo

Mwanachuo mmoja wa kike, aliyepitia kipindi changu cha Kihispania, alipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini. Nilikwenda kumkagua. Katika Darasa la Kwanza alikuwamo mtoto wa kiume ambaye, kwa maelezo ya walimu, hakuwa ametamka neno la Kiswahili darasani tangu Januari, na baadhi ya siku hakuja kabisa, kwa kuwa alikuwa akichunga. Mwalimu wetu aliwataka watoto wafinyange ng'ombe wa udongo, kama wanavyofanya wachungaji wote wadogo wa Usukuma, kisha wawapake rangi kwa chokaa, kwa masizi ya jiko na kwa udongo mwekundu.

Chaguo hilo la rangi lilikuwa la busara, kwa sababu moja ya kisarufi na moja ya kibinadamu. Ya kisarufi ni hii: katika Kiswahili vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi ni vitatu tu, navyo ni eupe, eusi na ekundu. Rangi nyingine zote hujengwa kwa a-unganifu, kama vile kitambaa cha kijani au gari la buluu, wala hazimfundishi mtoto umbo jipya la kivumishi. Ya kibinadamu ni kwamba mtoto wa mfugaji humtambua kila ng'ombe wa baba yake kwa rangi na mabaka yake, na kwa mengi ya hayo ana neno moja katika Kisukuma mahali ambapo Kiswahili huhitaji sentensi nzima. Siku hiyo, pengine kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyekuwa mjuzi chumbani.

Mtoto yule alimtaja ng'ombe wake kwa neno la Kisukuma. Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka wala hakuwakemea, alimwinua yule ng'ombe na kusema, "Kweli, ng'ombe huyu ni mweupe, ana mabaka meusi." Akamwuliza ni wapi walipo wengine. Mtoto akasema, kwa sauti ya chini, "Ng'ombe nyeupe." Mwalimu akaitika, "Ng'ombe mweupe, ndiyo. Nipe ng'ombe mweusi." Akapewa. Mchezo uliendelea hivyo, umoja na wingi, mweupe na weupe, hadi kipindi kikaisha. Kabla sijaondoka nilimsikia mtoto yule uani akimwonyesha mwenzake jengo la shule lililopakwa chokaa, akisema, "Nyumba mweupe."

Mkaguzi mwenye haraka angeandika kwamba mtoto ameharibika zaidi. Asubuhi alisema sahihi juu ya nyumba na akakosea juu ya ng'ombe. Mchana alipatia ng'ombe na akakosea nyumba. Mimi niliandika kwamba mtoto amekwisha kugundua kuwa lipo jambo la kutofautisha, na sasa anatafuta mpaka wake uko wapi. Ataupata, mradi aendelee kusema. Wiki tatu baadaye mwanachuo aliniarifu kwamba mtoto bado huchanganya, lakini husema kila siku.

Pingamizi

Mkufunzi mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, ameniambia kwamba dakika 40 za Kihispania ni dakika 40 zilizoibwa kutoka katika Kiswahili, na kwamba mwanachuo anaweza kuambiwa haya yote kwa maneno bila maigizo. Hoja ya kwanza ina uzito, na ndiyo maana kipindi ni kimoja tu. Hoja ya pili siiafiki. Nimewahi kuwaambia wanachuo kwa maneno, nao wameandika katika madaftari yao kwamba mtoto asichekwe. Kisha wamekwenda katika mazoezi na kucheka. Mtu aliyekwisha kuzoea lugha husahau kwamba ina milima, kwa kuwa amezaliwa juu yake. Kihispania humrudisha bondeni kwa muda mfupi.

Nakubali pia kwamba mfano wangu una mipaka. Kihispania kina maumbo manne ya kivumishi, ilhali "zuri" la Kiswahili lina maumbo yasiyopungua kumi: mzuri, wazuri, mizuri, zuri, mazuri, kizuri, vizuri, nzuri, pazuri, kuzuri. Mwanachuo hujifunza kwa dakika 40 na kwenda kula; mtoto hukaa ndani ya lugha ngeni kutwa nzima, wiki hadi wiki. Mwanachuo anajua kwamba hatatahiniwa; mtoto atatahiniwa, na matokeo yataamua kama ataendelea na masomo au atarudi malishoni. Kila tofauti hizo zinaonyesha kwamba mzigo wa mtoto ni mzito kuliko ule walioonja wanachuo wangu.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu mwanafunzi, kabla hujakwenda katika mazoezi, fanya kazi hii. Chukua daftari na uandike majina 20 ya vitu na viumbe vilivyopo katika kijiji utakachopangiwa: jembe, mtungi, pamba, fisi, kisima, mbuyu na kadhalika. Mbele ya kila jina andika "kubwa", "zuri" na "eusi" katika umbo linalostahili, umoja na wingi. Utagundua kwamba mara kadhaa unasita. Mahali uliposita pawekee alama. Hapo ndipo watoto watakapokosea, nawe utakuwa umekwisha kufika kabla yao.